Injini ya boti inapozimika mtoni: Kibao na moshi hueleza mengi

KUZIMIKA kwa injini ya boti katikati ya Mto Kilombero wakati wa masika si jambo dogo. Chombo kisicho na nguvu hakielekezeki. Huchukuliwa na mkondo, hugeuzwa ubavu na kusukumwa kwenye matete au magogo, katika maji yenye mamba na viboko. Katika hali hiyo nahodha hana nafasi ya kuanza kujifunza injini yake ni ya aina gani.

Hata hivyo, hitilafu nyingi zinazozimisha injini ndogo za dizeli hazitokani na kuvunjika kwa chuma. Mara nyingi chanzo ni hewa iliyoingia kwenye bomba la mafuta, maji yaliyojikusanya chini ya tangi, chujio lililoziba au maji ya kupoozea yasiyopita. Hitilafu za aina hiyo hutambuliwa kwa spana mbili, kitambaa safi na utaratibu. Kinachogharimu ni kukisia: kubadilisha pampu nzima kwa tatizo la chujio, au kusafiri kutoka Ifakara hadi Morogoro au Dar es Salaam na kurudi na ringi zisizoingia kwenye silinda.

Bonde linalogeuka ziwa

Mto Kilombero, ambao ukikutana na Mto Luwegu huunda Mto Rufiji, hupita katika bonde ambalo mvua zikizidi hugeuka kuwa mbuga ya maji. Mwaka 2002 bonde hilo liliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na ukubwa unaokaribia kilomita za mraba 8,000.

Kwa miaka mingi safari ya kutoka Ifakara kwenda Mahenge ilitegemea kivuko. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni, tukio lililohusishwa na upepo mkali na mvua. Mei 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja lenye urefu wa mita 384, ambalo lilipewa jina lake, na foleni ya magari ya kusubiri kivuko ikabaki historia.

Daraja hilo limeunganisha barabara kuu, lakini halikuondoa maji bondeni. Wavuvi, wakulima wa mpunga na wasafiri wa pembezoni bado wanahitaji vyombo. Mitumbwi ya kasia na upondo ingalipo, na pale mzigo unapokuwa mkubwa au mkondo unapokuwa mkali, injini huwa na thamani kubwa. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa kuitambua na kuisoma injini ndogo ya dizeli ni suala la usalama kama ulivyo ujuzi wa kuogelea.

Jambo la kutia moyo ni kwamba injini hizo si ngeni Kilombero. Jamii ileile ya mashine inayosukuma boti ndiyo inayoendesha mashine za kukoboa mpunga, pampu za umwagiliaji na pawatila. Fundi aliyezoea mashine ya kukoboa tayari anajua nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni ya majini.

Kibao kinasema nini?

Hatua ya kwanza kabla ya kutafuta spea ni kukisoma kibao cha chuma kilichogongwa ubavuni mwa injini au juu ya kifuniko cha valvu. Kwa kawaida kibao hicho huwa na jina la mtengenezaji, aina ya injini, nguvu, kasi ya mizunguko kwa dakika na namba ya utambulisho. Aina ya injini na namba ya utambulisho ni vitu viwili tofauti, na muuza spea huhitaji vyote.

Namba hizo hazikupangwa ovyo. Kwa injini nyingi ndogo za China, tarakimu ya kwanza huonyesha idadi ya silinda na zinazofuata huonyesha kipenyo cha silinda kwa milimita. Hivyo, S195 ni injini ya silinda moja yenye kipenyo cha milimita 95. R175 ina silinda moja ya milimita 75, na S1100 ina silinda moja ya milimita 100. Mtu anayeielewa kanuni hii hawezi kuuziwa pistoni ya S1100 kwa ajili ya S195.

Watengenezaji wengine wana kanuni zao. Kwenye injini za boti za Yanmar kama 1GM, 2GM na 3GM, tarakimu ya mwanzo ni idadi ya silinda. Kwa injini za zamani za Perkins, namba 4.108 humaanisha silinda nne na ujazo wa inchi 108 za ujazo, sawa na takriban lita 1.8, wakati 4.236 ni silinda nne na takriban lita 3.9. Kwa Kubota, herufi Z huonyesha silinda mbili, D silinda tatu na V silinda nne, na namba inayofuata hukaribia ujazo kwa sentimita za ujazo.

Lister ya Uingereza, ambayo aina yake ya CS ilianza kutengenezwa karibu mwaka 1930, hutumia mpangilio mwingine. Alama 6/1 humaanisha nguvu farasi sita kwa silinda moja. Nakala nyingi za injini hiyo zimetengenezwa India, hususan katika mji wa Rajkot, kwa hiyo neno "Lister" kutoka mdomoni mwa muuzaji halitoshi. Kipimo cha spea hupaswa kulinganishwa na kifaa cha zamani kabla fedha haijatolewa.

Nguvu nayo huweza kuandikwa kwa kilowati badala ya farasi. Nguvu farasi moja ni sawa na takriban kilowati 0.75, hivyo kibao cha S195 kinachoonyesha kilowati 8.8 kinazungumzia farasi 12.

Injini ya nchi kavu iliyovalishwa nguo za majini

Injini nyingi zinazoitwa za boti zilizaliwa kama injini za nchi kavu. Kampuni za Nanni na Beta Marine, kwa mfano, huchukua injini za Kubota na kuzifungia vifaa vya majini. Perkins 4.236 nayo ilitumika kwenye matrekta ya Massey Ferguson na pia kwenye boti.

Maana yake kwa mtu wa Ifakara ni kubwa. Pistoni, ringi, valvu, beringi na nozeli za injini ya boti huenda zikapatikana kwa muuza spea za matrekta au za jenereta, mradi aina halisi ya injini ya ndani ijulikane. Visivyopatikana huko ni vifaa vya majini: pampu ya maji ya mto, kipoza-maji, mkono wa ekzosi unaopozwa kwa maji, na gia boksi ya kwenda mbele na kurudi nyuma. Gia boksi huwa na kibao chake, na namba zake hazipaswi kuchanganywa na za injini.

Kibao kikiwa kimepotea, rangi isitumike kama ushahidi kwa kuwa injini hupakwa upya. Badala yake zihesabiwe silinda, zitafutwe namba zilizotoka na chuma chenyewe kiwandani kwenye bloku, na kisomwe kibao cha pampu ya dizeli. Hedi ikifunguliwa, kipenyo cha silinda kipimwe na kuandikwa. Picha za simu za pande zote nne humsaidia muuza spea kuliko maelezo ya dakika kumi.

Mambo matatu tu

Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyefanikisha injini yake mjini Augsburg mwaka 1897, aliacha kanuni ambayo haijabadilika. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ibaki sehemu moja kati ya 16 hadi 22 ya ujazo wake, na joto lake hupanda hadi kupita nyuzi joto 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Mwaka 1933 Yanmar ya Japani ilifanikiwa kuipunguza teknolojia hiyo kuwa injini ndogo ya kazi za kawaida, na kanuni ikabaki ileile.

Kwa hiyo, injini isiyowaka hukosa kimoja kati ya vitu vitatu: mafuta yanayofika kwa wakati, hewa ya kutosha au mgandamizo. Utafutaji wa hitilafu ni kuuliza kipi kinakosekana, kwa mpangilio, bila kuruka hatua.

Swali la kwanza huulizwa kwenye ekzosi. Injini ikizungushwa bila kuwaka, je, inatoa moshi? Ikiwa hakuna moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Hapo huangaliwa tangi, koki ya mafuta, kishikio cha kuzimia kilichosahaulika kikiwa kimefungwa, chujio, kisha hewa kwenye bomba.

Moshi mweupe huonyesha kwamba dizeli inafika lakini haiungui. Sababu zaweza kuwa mgandamizo hafifu, nozeli inayodondosha badala ya kunyunyiza, maji ndani ya mafuta au wakati wa kunyunyiza uliohama. Moshi huo usichanganywe na mvuke wa maji unaotoka kwenye ekzosi za boti asubuhi ya baridi. Mvuke hutoweka upesi, ilhali moshi wa dizeli hubaki hewani, hunuka na kuwasha macho.

Moshi mweusi ni alama ya mafuta mengi kuliko hewa. Chujio la hewa lililojaa vumbi la pumba ni sababu ya kawaida kwa injini iliyohamishwa kutoka kwenye mashine ya kukoboa. Majini ipo sababu nyingine: injini imeelemewa. Mzigo umezidi, au nyavu, kamba na majani vimejisokota kwenye pangaboi. Kabla ya kufungua pampu, pangaboi liangaliwe, injini ikiwa imezimwa.

Moshi wa bluu humaanisha kwamba oili ya injini inaungua. Huenda ringi zimekwisha, valvu zinapitisha oili, au oili imejazwa kupita alama ya juu. Sababu hiyo ya mwisho haigharimu chochote kuirekebisha, na ndiyo inayofaa kuangaliwa kwanza.

Kutoa hewa na kuchunguza dizeli

Injini ikiishiwa mafuta au chujio likibadilishwa, hewa huingia kwenye bomba. Hewa hubonyea, hivyo pampu hubaki ikiikandamiza bila kuweza kuifungua nozeli. Njia ya kuitoa ni moja kwa injini nyingi: koki hufunguliwa, skrubu ya kutolea hewa kwenye chujio hulegezwa mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha hukazwa. Hatua hiyo hurudiwa kwenye pampu. Mwisho hulegezwa nati ya bomba linaloingia kwenye nozeli, injini huzungushwa mpaka dizeli iruke kwa vipindi, na nati hukazwa.

Mpangilio ni kutoka tangi kwenda kwenye nozeli. Anayeanzia mwisho hurudia kazi. Hewa ikirejea baada ya saa chache, lipo tundu mahali fulani, na mara nyingi ni washa ya shaba iliyotumika mara nyingi au mpira wa mafuta uliochanika.

Tahadhari moja haina mjadala. Mkono au uso usiwekwe mbele ya nozeli inayojaribiwa nje ya injini. Mnyunyizo wake hutoka kwa shinikizo linalozidi mara 100 ya lile la hewa ya kawaida, na huweza kupenya ngozi. Jeraha lake huonekana dogo kama la sindano, lakini ni la kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Ubora wa dizeli nao ni chanzo kikubwa cha kukwama. Mafuta yanayobebwa kwa madumu hukusanya maji na uchafu. Kipimo rahisi ni kujaza dizeli kwenye chupa ya kioo na kuiacha itulie; maji, ambayo ni mazito zaidi, hukaa chini na mstari huonekana. Tangi la boti likijazwa baada ya safari, nafasi ya mvuke kugeuka maji usiku hupungua.

Upo pia uchakachuaji. Tatizo la kuchanganya dizeli na mafuta ya taa lilikuwa kubwa nchini kiasi kwamba mwaka 2010 uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ulianzishwa, na mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya udanganyifu huo. Kwa injini, hasara yake ni kwamba pampu na nozeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na vyuma hulika.

Mgandamizo na maji

Mafuta yakifika na hewa ikiwepo, hubaki mgandamizo. Kwenye injini ya kuwasha kwa hendeli, huzungushwa taratibu huku kishikio cha kufungulia valvu kikiwa kimeachiliwa. Injini nzima hukataa na kusukuma mkono kurudi nyuma. Ile inayozunguka laini kama kinu kitupu imepoteza mgandamizo. Oili kidogo, kiasi cha kijiko, huwekwa kwenye njia ya hewa na kipimo kurudiwa. Mgandamizo ukipanda, ringi ndizo zenye tatizo. Usipobadilika, mashaka yahamie kwenye valvu au gasketi ya hedi. Petroli haifai kabisa kwa jaribio hilo, kwani huweza kulipuka ndani ya silinda na kumjeruhi anayewasha.

Majini, hitilafu inayoua injini kwa haraka zaidi ni kuchemsha. Maji ya Kilombero wakati wa mafuriko hubeba matope, mchanga na majani. Chujio la maji likiziba, au impela ya mpira iliyo ndani ya pampu ikikatika mapezi, injini hukosa ubaridi kwa dakika chache tu. Kwa sababu hiyo nahodha hutakiwa kutazama maji yanayotoka kwenye ekzosi mara tu baada ya kuwasha, na kila mara safarini. Yakikoma, injini izimwe kabla haijanoki. Kwa injini za China zenye tangi la maji juu yake, maji hupungua kwa kuchemka na huongezwa kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa ghafla kwenye injini ya moto huweza kupasua hedi.

Kijiti cha kupimia oili hutoa taarifa nyingine. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Oili iliyoongezeka bila kuongezwa na yenye harufu ya dizeli inaingiliwa na mafuta. Katika hali zote mbili, kuendelea na safari ni kuiua injini.

Injini isiyokubali kuzimika

Hutokea mara chache injini ikaanza kukimbia kwa kasi inayopanda, na kufunga dizeli kusisaidie. Hali hiyo huja pale inapovuta oili yake yenyewe na kuichoma. Dawa ni kuinyima hewa: ubao au kitu kingine kigumu kizibe mdomo wa njia ya hewa. Kiganja kisitumike, na kitambaa chepesi humezwa. Inaposhindikana, watu wakae mbali na flaiwili.

Nanga kwanza, spana baadaye

Utaratibu wote huu hauna maana ikiwa boti inaendelea kuelea kuelekea hatarini. Injini ikizimika, kazi ya kwanza ni kushusha nanga au kushika kasia, kisha abiria wakae chini na wavae maboya. Ndipo injini ifunguliwe. Usimamizi wa usalama wa vyombo vya majini nchini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na boya kwa kila abiria si pambo la kuonyeshwa siku ya ukaguzi.

Mafundi wenye uzoefu hushauri kila boti iwe na kisanduku kidogo: chujio la dizeli la akiba, impela, washa za shaba, fanibelti, spana za nati za mafuta, tochi, na karatasi iliyofungwa kwenye nailoni yenye aina ya injini, namba yake na siku oili ilipobadilishwa. Bei ya vitu hivyo haifikii gharama ya kufungua injini iliyonoki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye boti bondeni Kilombero, ufa huo mara nyingi ni washa moja iliyochakaa.